Kuitoa tamthiliya ya zamani jukwaani na kuiweka kwenye skrini, tulivyofanya sisi Kibirizi

Kabla hujashika kamera soma tamthiliya yenyewe mara tatu, na hiyo mara ya tatu achana na maneno, tafuta kitu kimoja tu: ni nini kinawazuia hawa watu wasiondoke? Mimi naona hilo ndo swali kubwa kuliko yote. Jukwaani watu wanakaa pale kwa sababu jukwaa ni moja na hakuna pa kwenda, mtazamaji ameshalikubali hilo tangu alipokaa kwenye kiti, ila kwenye skrini kila mtu anajua kamera inaweza kwenda popote, kwa hiyo mtu akikaa chumbani nusu saa anagombana na mwenzake mtazamaji anaanza kujiuliza huyu si afungue mlango aende zake? Ukikosa jibu la hapo filamu imekufa, hata uwe na kamera ya milioni kumi. Sisi tuliliita hilo jibu kifungo, nitalitumia hilo neno mpaka mwisho.

Kikundi chetu hapa Kigoma tulichukua ile ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi, anayekopa pesa na kuweka rehani ratili moja, karibu nusu kilo, ya nyama ya mwili wake mwenyewe, tukaishusha mwaloni Kibirizi, pale maboti ya uvuvi yanaposhusha mzigo. Meli za Antonio, ndo huyo mfanyabiashara, zikawa maboti ya dagaa. Mkopo ukawa wa injini na nyavu. Venisi ni mji wa bandari unaoishi kwa biashara, mikopo na kusikilizia chombo kimefika ama kimezama, na Kigoma ndo hivyohivyo, yaani hatukulazimisha kitu, ukisoma ile tamthiliya huku unasikia injini za maboti ziwani unaona kabisa imekuja kwao. Tumetoka na filamu ya dakika 40, ila mwanzoni tulikosea sana na tulipoteza miezi mingi, ndo maana naandika hii ili kikundi kingine, kiwe cha Kasulu ama Uvinza ama Tabora, kisipite njia ileile.

Mambo ya hakimiliki nayamaliza haraka. Shakespeare amekufa 1616 kwa hiyo kazi yake ni ya wote, chukua ufanye unavyotaka. Lakini tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi ya 1969, bado inalindwa, maana sheria yetu inalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Mwalimu ametutoka 1999. Hivyohivyo kwa tamthiliya za Ebrahim Hussein ama Penina Muhando, usifikiri kwa sababu ulizisoma shuleni basi ni za bure, omba ruhusa kwa maandishi. Sisi tuliandika Kiswahili chetu wenyewe kutoka kwenye Kiingereza, ilituchukua wiki nyingi ila ilitusaidia kuliko tulivyotegemea, nitaeleza mbele. Halafu kuna kibali cha Bodi ya Filamu, na kumbuka sheria yenyewe, ya 1976, inagusa filamu na michezo ya jukwaani kwa pamoja, kwa hiyo usije ukasema sisi ni wa jukwaani tu haituhusu.

Sasa kosa letu la kwanza. Tulipanda jukwaani kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, tukaweka kamera nyuma kabisa kwenye stendi, tukabonyeza rekodi, tukaigiza mwanzo mwisho. Siku ile ukumbini watu walicheka, walipiga makofi, kuna mama alilia kabisa. Kuja kuangalia rekodi nyumbani, hakuna kitu. Watu wadogo kama njiti za kiberiti wanapiga kelele mbali huko. Sababu yake naijua sasa: ukumbini jicho la mtazamaji lenyewe ndo linachagua pa kuangalia, na pumzi ya watu wengine inamshika, kwenye rekodi vyote hivyo vinaondoka, na usipomchagulia wewe pa kuangalia hataangalia popote.

Basi tukasema sawa, tutoke nje, na hapo ndo tukaingia kwenye kosa la pili ambalo naona karibu kila kikundi kinalifanya na hata wakubwa wa nje wanalifanya: kuamini kwamba tamthiliya inakuwa filamu ukiitoa nje. Tukaichukua ile kesi, pale mkopeshaji anapodai ratili yake, tukaipeleka chini ya mwembe Ujiji. Mwembe mzuri, kivuli kizuri, watoto wanapita na baiskeli nyuma, picha ikatoka kama kalenda. Na kesi ikawa haina uzito hata kidogo! Mtu yuko karibu kukatwa kifua halafu nyuma yake kuna uwazi wote ule, mtazamaji moyoni anamwambia kimbia bwana. Kifungo kimefunguka.

Angalia wenzetu walivyofanya. Ile 12 Angry Men ya 1957, hadithi iliyoanzia kwenye televisheni 1954, ni wanaume 12 wanaobishana kama mshtakiwa ana hatia, ndani ya chumba kimoja karibu muda wote na huwezi kubanduka. Dairekta Sidney Lumet hakuwatoa nje, alichofanya ni kuishusha kamera kidogokidogo: theluthi ya kwanza kamera iko juu ya macho yao, ya pili inalingana na macho, ya mwisho iko chini inaangalia juu, mpaka dari linaonekana kama linawashukia, na lensi nazo anabadilisha zinazidi kuvuta ukuta wa nyuma uje karibu. Elia Kazan naye alipoleta tamthiliya ya A Streetcar Named Desire kwenye skrini 1951 kuta za seti zilikuwa zinasogezwa ndani kadiri mwanamke mhusika mkuu anavyoelemewa. Ni chumba kilekile, ila kinakaza. Hiyo jukwaani huwezi kufanya, maana mtu wa kiti cha mwisho haoni ukuta uliosogea kwa mkono mmoja, kamera inaona.

Tukaitoa kesi mwembeni tukaiingiza kwenye stoo ya dagaa. Bati juu, mlango mmoja, magunia mpaka darini, saa saba mchana. Joto lile halikuhitaji kuigizwa, jasho lenyewe lilikuwa linaigiza. Sini ikakaa.

Sio kwamba kutoka nje ni dhambi. Toka pale ambapo tamthiliya yenyewe inasimulia kitu kilichotokea kwingine. Jukwaa la zamani lilipata shida kuonyesha dhoruba ama meli ikizama, kwa hiyo mtu anaingia anasema nimesikia chombo kimezama. Chukua kalamu nyekundu upige mstari kila mahali mtu anasimulia jambo ambalo hatukuliona, halafu jiulize moja moja: hili nikilionyesha linaongeza nini? Mkopeshaji, Shylock, anamwambia Antonio kwa maneno kwamba ulinitemea mate kwenye ndevu. Kwenye filamu ya 2004 ambayo Al Pacino ndo Shylock, dairekta Michael Radford hakusubiri tuambiwe, mwanzoni kabisa tunaona yale mate. Baada ya hapo chochote atakachofanya yule mzee una kitu chake moyoni. Sisi pia tulianza na mate, pale kwenye ngazi za boti asubuhi watu wanashusha mzigo, na hakuna anayegeuka kuangalia, kila mtu anaendelea na ndoo yake. Tulirekodi mara sita kwa sababu ekstra, wale watu wa kupita nyuma tu, walikuwa wanageuka.

Ila maboti yanayozama hatukuonyesha. Pesa hatukuwa nayo, ni kweli, lakini hata tungekuwa nayo nisingeonyesha, maana uoga wa Antonio ni kusubiri, ni kukaa ufukweni unaangalia maji na hakuna taa inayorudi. Ukionyesha boti limezama umemwambia mtazamaji jibu ambalo mwenyewe Antonio halijui.

Sasa maneno, na hapa nitakaa kidogo maana ndo mtu anapoumia. Tamthiliya ya zamani inaishi kwa maneno, ukiyaondoa yote umeua, ukiyaacha yote umeua vilevile. Kurosawa wa Japani kwenye ile filamu yake ya 1957 alichukua Macbeth, tamthiliya nyingine ya Shakespeare, na hakubakiza hata mstari mmoja wake, aliweka ukungu, farasi, uso wa mke unaokaa kama kinyago na sauti ya nguo yake ikiburuzika sakafuni, na wengi wanasema ni kati ya Macbeth bora kabisa kwenye skrini, na mimi nakubaliana nao. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu alijua kila maneno yalikuwa yanafanya kazi gani, halafu akaipa kazi hiyo kitu kingine. Hivyo ndo vya kufanya. Usianze kukata mistari, anza kuandika pembeni ya kila mstari unafanya nini: huu unamtisha mtu, huu unaficha aibu, huu unatuambia ni usiku. Ule wa kutuambia ni usiku futa palepale, kamera inaona giza. Wa kumtisha mtu labda kisu kinaweza kuufanya. Wa kuficha aibu mara nyingi unaubakiza, kwa sababu mtu anayeficha aibu huwa anaongea.

Kutafsiri wenyewe kulitusaidia hapo, maana huwezi kutafsiri mstari ambao hujui unafanya nini. Kuna mistari tulikaa nayo jioni nzima halafu tukagundua hatuihitaji kabisa.

Mfano mwingine ninaoupenda sana ni wa Djibril Diop Mambéty wa Senegal. 1992 alichukua tamthiliya ya Dürrenmatt wa Uswisi ya 1956, yule mama tajiri anayerudi kwenye mji wake maskini na kuahidi pesa kwa wote wakimuua mwanaume aliyemtelekeza ujanani, akaifanya Hyènes, kwa Kiwolofu, kwenye vumbi la kwao. Kwenye tamthiliya hakuna anayesema tumekubali kuua, wote wanakataa kwa heshima zote, ila mmoja mmoja anaanza kuvaa viatu vipya vya njano alivyokopa. Viatu tu! Anayewindwa anaangalia miguu ya majirani zake na anajua. Ukisoma tamthiliya yako tafuta viatu vyake, kitu cha kushikika ambacho mwandishi ameshakiweka humo ndani kinasubiri kamera.

Vya kwetu vilikuwa mizani. Kwenye kesi Shylock ananoa kisu kwenye soli ya kiatu, na akiulizwa kama mizani ya kupimia nyama ipo anajibu ninayo tayari. Jukwaani hiyo mizani inapita tu, nani ataiona. Sisi tulichukua ile ya kuning'inia ya kupimia dagaa, ya mama mmoja anayeuza pale mwaloni, imeshika kutu kwenye kulabu na magamba yamekaukia kwenye sahani yanang'aa kama chokaa. Tukaining'iniza kwenye boriti la stoo tangu mwanzo wa sini na hakuna anayeizungumzia. Watu wanabishana, mizani inazunguka polepole yenyewe kwa upepo wa mlangoni. Baadaye mkopeshaji anaenda, anaifuta sahani kwa kanga ya mtu iliyokuwa juu ya gunia, mara moja, mara ya pili, kama mama anavyofuta sahani kabla ya kumpakulia mgeni, halafu anaweka jiwe la kilo upande mmoja aone kama iko sawa. Hatukuweka neno hata moja pale. Kwenye maandishi ya mwanzo palikuwa na mistari 19.

Usikimbilie kwenye mapambo kama hayo kabla hujakaa na swali la nani anaumizwa na hadithi yako, hili nasema kwa uzito. Shylock ni Myahudi, na tamthiliya ya miaka ya 1590 ina chuki ya wakati wake ndani yake, huwezi kufumba macho ukasema ni sanaa tu. Sisi tungeweza kumfanya awe wa kabila fulani ama wa ng'ambo ya ziwa, na hapa Kigoma, mji ambao umepokea wakimbizi miaka na miaka, hiyo ingekuwa ni kuchoma nyumba za watu. Tulibishana wiki mbili. Mwisho tukamfanya asiwe na kabila wala dini inayotajwa, anaitwa tu wakuja. Amekaa mwaloni miaka 30, watoto wake wamezaliwa hapo, anakopesha kila mtu, bado ni wakuja. Yale maneno yake makubwa kwamba na mimi si nina macho, ukinichoma si natoka damu, tuliyabakiza karibu yote, ndo mstari mrefu kuliko yote kwenye filamu yetu. Na mwisho ambapo ananyang'anywa mali na kulazimishwa kuacha dini yake, kwetu ananyang'anywa na kuambiwa ahame mwalo, na hatukuweka muziki wa furaha. Kuna wenzangu walitaka mwisho wa kucheka kama ulivyo kwenye kitabu. Mimi nilikataa na ningekataa tena.

Hayo maneno marefu peke yake yana namna yake. Laurence Olivier, mwigizaji wa Uingereza, kwenye filamu ya Hamlet ya 1948 sehemu ya yale mawazo ya kuishi ama kufa anayafanya sauti ya ndani, mdomo haufunguki, na inafanya kazi, ila ukiitumia kila mahali filamu inageuka redio. Sisi tulimpa mwigizaji kazi ya mikono. Anaongea huku anafunga kamba ya kulabu, fundo halishiki, anafungua anafunga tena, na pale pa kutoka damu mikono inasimama. Mwigizaji mwenyewe ni mzee wetu wa jukwaani wa siku nyingi, na shida ilikuwa sauti yake, imezoea kufika ukuta wa mwisho.

"Mzee, naomba uongee kama unaongea na mjukuu wako amelala."

"Mwanangu, nisipopaza watanisikiaje kule nyuma?"

"Hakuna kule nyuma mzee. Watu wote wamekaa hapa kwenye kola ya shati lako," nikamwonyesha ile maiki ndogo ya kubana.

Akaiangalia muda mrefu. Tulivyorudia akaongea chini mpaka mshika kamera akasogea mwenyewe bila kuambiwa. Kwa waigizaji wa jukwaani msiwaambie punguza, punguza, wanasikia kama wanafokewa, waambieni nani anasikiliza na amekaa umbali gani.

Kuna vitu vya jukwaani ambavyo klozapu, yaani kamera ikisogea usoni, haivumilii kabisa. Portia, mke wa rafiki yake Antonio, anavaa kama mwanasheria mwanaume, anaingia kwenye kesi kumtetea Antonio, na mume wake mwenyewe hamtambui. Jukwaani tunakubali wote, ni makubaliano. Weka kamera sentimita 50 kutoka usoni uone kama kuna mtu atakuamini. Tulijaribu masharubu ya bandia, ikawa aibu. Tukatoa ujanja wote huo: anaingia kama alivyo, karani wa sheria kutoka mjini, mume anamjua na hawezi kusema kitu mbele za watu, anameza mate tu. Tulipoteza ucheshi wa pete za mwishoni, pale Portia anapomdai mume wake pete aliyomtoa bila kumjua, ni hasara ya kweli, ila tulipata ule ukimya.

Ya ziwani sasa. Panga ratiba kwa mwezi, namaanisha mwezi wa angani. Giza wavuvi wako kazini usiku na mchana wamelala, huwapati, mbalamwezi ikiwaka maboti yanapumzika ufukweni na watu wana nafasi, na zile taa zao za betri unazikodi kwa bei ya kawaida, zinamulika uso vizuri sana ukiweka kitambaa cheupe mbele. Upepo ndo adui wa sauti, rekodi ufukweni asubuhi mapema kabla haujaamka, na maiki ifunike na kipande cha sponji, usiseme nitasafisha kwenye kuediti. Stoo ya bati mvua ikianza acha kabisa, tulipoteza siku nzima kwa ubishi. Jua la jioni linazama upande wa Kongo juu ya maji, linadanganya sana, kila mtu anataka sini yake iwe pale, na sisi tulitumia mara moja tu, Antonio anaposubiri.

Urefu hesabu ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, tamthiliya nzima ya Shakespeare inakula saa mbili na zaidi, kwa hiyo kama una pesa ya dakika 40 jua kabisa unabeba hadithi moja kati ya tatu nne zilizomo. Sisi hadithi ya masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la madini ya risasi, ambayo wachumba wa Portia wanachagua, tuliiacha yote.

Ukimaliza kuediti mara ya kwanza zima sauti, tafuta mtu asiyeijua hadithi umwekee. Mimi nilimwekea yule mama mwenye mizani, amekaa kwenye ndoo anaangalia kwenye simu yangu, dagaa wake wameanikwa pembeni. Akakaa kimya mpaka mizani yake ilipotokea, akasema hee, halafu akaendelea, na filamu ilipofika kwenye kesi akauliza, "Huyu baba mnamfukuza kwa kosa gani?" Nikamrudisha nyuma nikamuuliza wapi hajaelewa. Akanionyesha kwa kidole dakika mbili ambazo watu wanaongea na hakuna kinachotokea. Nilipanda bajaji mpaka mtaa wa Mwanga hapahapa mjini kwa anayetuedit­ia, tukazitoa usiku uleule.